Elimu ya Kiungwana katika Malezi ya Mchoraji: Maisha ya Joshua Reynolds (1723–1792)

1.0 Utangulizi

Swali la kama mwanafunzi wa sanaa afundishwe kazi ya mikono peke yake, au afundishwe pia fasihi, historia, falsafa na hesabu, ni swali kongwe. Katika Ulaya ya Zama za Kati kulikuwa na fani saba zilizohesabiwa kuwa ndizo zinazomstahili mtu huru: sarufi, balagha, mantiki, hesabu, jiometri, falaki na muziki. Uchoraji haukuwamo. Mchoraji aliwekwa kundi moja na seremala, mhunzi na mshona viatu, yaani watu wanaoishi kwa nguvu za mikono yao. Jina la fani hizo kwa Kilatini lilitokana na neno lenye maana ya mtu asiye mtumwa. Kwa sababu hiyo, istilahi inayozikaribia zaidi kwa Kiswahili ni elimu ya kiungwana, kwa kuwa neno mwungwana nalo hubeba maana mbili kwa pamoja: mtu asiyemilikiwa na mtu mwingine, na mtu aliyelelewa akaleleka. Istilahi hiyo ndiyo itakayotumika katika makala hii.

Wachoraji wa Italia walianza mapema kudai nafasi katika duara hilo. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti aliandika kitabu juu ya uchoraji ambamo alimtaka mchoraji ajue fani zote za kiungwana kadiri awezavyo, jiometri kwanza, na aandamane na washairi na mabingwa wa balagha. Nchini Uingereza dai hilo lilichelewa kwa zaidi ya miaka 300. Mtu aliyelisimamia huko kwa kalamu, kwa brashi na kwa cheo alikuwa Joshua Reynolds, rais wa kwanza wa Akademia ya Kifalme ya Sanaa ya London.

Makala hii inafuatilia maisha ya Reynolds kwa lengo la kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba imani yake juu ya elimu ya mchoraji ilitokana na njia aliyopitia mwenyewe, na ilikuwa na msingi wa kweli. Pili, kwamba maisha hayo hayo yanaonyesha hasara inayopatikana pale akili inapotukuzwa na ufundi ukaachwa bila mlezi.

2.0 Nyumba ya Mwalimu

Reynolds alizaliwa tarehe 16 Julai 1723 katika mji mdogo wa Plympton, Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Baba yake, Samuel Reynolds, alikuwa kasisi na mwalimu mkuu wa shule ya mji huo. Kabla ya hapo alikuwa mwanazuoni katika chuo cha Balliol, Oxford. Watoto walikuwa wengi na kipato kilikuwa kidogo. Joshua hakupelekwa chuo kikuu. Elimu yote ya darasani aliyoipata ni ile ya shule ya baba yake, iliyokuwa na Kilatini kingi, pamoja na vitabu vilivyokuwamo nyumbani.

Inasimuliwa kuwa baba huyo aliwahi kukuta mchoro nyuma ya karatasi ya zoezi la Kilatini, akaandika juu yake kwamba mtoto aliuchora darasani kwa uvivu tu. Baadaye alioneshwa mchoro mwingine, wa jengo la shule yenyewe, ambao ulifuata sawasawa kanuni za kuonyesha umbali na ukaribu. Kanuni hizo mtoto alikuwa amezisoma peke yake kitabuni. Safari hii baba alistaajabu. Visa hivi viwili, vikisomwa pamoja, vinabainisha mapema jambo litakaloyatawala maisha ya Reynolds: mchoro uliochukuliwa kuwa mchezo ulipewa heshima pale ulipodhihirisha kuwa nyuma yake kuna elimu.

Kitabu kilichomwathiri zaidi utotoni kilikuwa insha ya mchoraji Jonathan Richardson juu ya nadharia ya uchoraji, iliyochapishwa mwaka 1715. Richardson alishikilia kuwa mchoraji anatakiwa kuwaza kama mwanahistoria na mshairi kabla hajashika brashi. Kijana wa Plympton aliamini hivyo. Alipofika umri wa miaka 17, familia ilipima njia mbili: awe mwanagenzi wa mtengeneza dawa, au wa mchoraji. Reynolds alijibu kuwa ikiwa ataishia kuwa mchoraji wa kawaida tu, basi ni afadhali dawa. Jibu hilo halikuwa la majivuno matupu. Lilionyesha kwamba alikwisha kutofautisha uchoraji kama kibarua na uchoraji kama kazi ya akili.

3.0 Uanagenzi na Safari ya Italia

Mnamo Oktoba 1740 Reynolds alipelekwa London kwa Thomas Hudson, mchoraji wa sura za watu aliyekuwa na wateja wengi, na ambaye alikuwa mkwe wa Richardson. Ada ilikuwa pauni 120. Nusu ya fedha hizo ilitolewa kwa mkopo na dada yake Mary, ambaye naye alikuwa na kipaji cha uandishi. Muda uliokubaliwa ulikuwa miaka minne.

Karakana ya Hudson ilikuwa mfano halisi wa uchoraji kama biashara. Mwenye karakana alichora uso. Mavazi alipelekewa fundi mwingine, Joseph van Aken, ambaye aliwachorea mavazi wachoraji kadhaa wa London kwa wakati mmoja. Matokeo yake ni kwamba watu wengi walisimama katika picha kwa mkao uleule na hariri ileile, wakitofautiana vichwa. Mwanagenzi alijifunza kwa kunakili. Reynolds alipewa michoro ya Guercino, mchoraji wa Italia wa karne ya 17, akainakili kwa ustadi mkubwa. Mwaka 1743, kabla muda haujatimia, aliachana na Hudson, akafanya kazi kwa kujitegemea Devon na London. Baba yake alifariki siku ya Krismasi mwaka 1745.

Nafasi ya kutoka katika ufundi wa kukariri ilipatikana mwaka 1749. Nahodha Augustus Keppel alimchukua katika manowari yake hadi kisiwa cha Minorca, na kutoka hapo Reynolds akaendelea hadi Italia. Alikaa Roma kuanzia mwaka 1750 hadi 1752. Huko alipambana na tukio ambalo baadaye alilieleza bila kujificha. Alipoingia Vatikani kuziona picha za Raphael alizokuwa akizisikia tangu utotoni, hakuvutiwa nazo. Wengine wangesema kwamba sifa za Raphael zilikuwa za uongo, au wangejifanya kuvutiwa. Reynolds alihitimisha kuwa upungufu ulikuwa kwake yeye mtazamaji: jicho lake lilikuwa limelelewa London kwa picha dhaifu, na hivyo halikuwa na uwezo wa kupokea kilichokuwa mbele yake. Akarudi mara kwa mara, akanakili, akasoma, mpaka akaanza kuona.

Tukio hili ndilo mzizi wa falsafa yake yote ya elimu. Kwa Reynolds, ladha ya sanaa hupatikana kwa malezi, kama lugha inavyopatikana. Mtu anayetegemea kipaji pekee huona yale tu aliyokwisha kuyazoea.

Roma ilimtoza pia. Akiwa anafanya kazi katika baridi ya Vatikani alipata ugonjwa uliomharibu masikio, na tangu hapo alikuwa mzito wa kusikia. Mtu ambaye angekuja kuamini kuliko wengi kwamba mchoraji huelimika kwa mazungumzo, alilazimika kuyasikiliza mazungumzo hayo kwa msaada wa pembe ya kusikilizia.

4.0 Chuo cha Mezani

Baada ya kurejea Uingereza, Reynolds alimchora Keppel akitembea ufukweni, katika mkao uliotokana na sanamu za kale. London ikamtambua. Kufikia mwaka 1758 watu wapatao 150 walikuja kuchorwa kwake katika mwaka mmoja. Mwaka 1760 alinunua nyumba kubwa katika uwanja wa Leicester Fields. Fedha hazikuwa tatizo tena. Tatizo lilikuwa kwamba kazi hiyo ya kuchora nyuso kuanzia asubuhi mpaka jioni ingeweza kumrudisha katika hali ya Hudson.

Kinga yake ilikuwa watu. Siku moja, akiwa Devon, alikifungua kitabu cha Samuel Johnson juu ya maisha ya mshairi Richard Savage, akakisoma amesimama, ameegemea ukingo wa meko, mpaka akakimaliza na kuukuta mkono wake umekufa ganzi. Katikati ya miaka ya 1750 alikutana na Johnson mwenyewe, na urafiki wao ulidumu mpaka Johnson alipofariki mwaka 1784. Reynolds alikiri kwamba Johnson hakumfundisha uchoraji hata kidogo, ila alimfundisha kufikiri, na kwamba hilo lilimfaa katika uchoraji kuliko jambo jingine. Mwaka 1764 alipendekeza kuanzishwa kwa kundi la mazungumzo lililokutana kila wiki katika hoteli ya Turk's Head. Waasisi walikuwa tisa, wakiwamo Johnson, mwanasiasa na mwanafalsafa Edmund Burke, na mwandishi Oliver Goldsmith. Mchoraji alikuwa mmoja tu, naye ni Reynolds.

Matunda ya chuo hiki kisicho na majengo yalionekana hata kabla ya kundi lenyewe kuundwa. Mwaka 1759 Johnson alimwomba insha tatu kwa ajili ya mfululizo wake ulioitwa The Idler. Katika insha ya mwisho Reynolds alichunguza uzuri ni nini, akajibu kwamba sehemu kubwa yake ni mazoea. Alieleza kuwa mchoraji wa Kihabeshi akitakiwa kumchora mungu wa kike wa uzuri, atamchora mweusi, mwenye midomo minene na nywele za asili yake, na hapana mwenye haki ya kumwambia kuwa amekosea. Katika London ya mwaka huo, iliyotajirika kwa biashara ya watumwa, hiyo haikuwa kauli ndogo, ingawa hakuiendeleza kuwa hoja dhidi ya biashara yenyewe. Takriban mwaka 1776 alimchora Mai, kijana kutoka kisiwa cha Raiatea katika bahari ya Pasifiki, amesimama peku katika joho jeupe, kwa hadhi ya sanamu ya kale. Mwaka 2023 picha hiyo ilinunuliwa kwa ubia na makumbusho mawili, moja la London na jingine la Los Angeles, kwa pauni milioni 50.

Hapa ndipo faida ya elimu ya kiungwana kwa mchoraji inapodhihirika. Fundi asiyesoma angeweza kuuchora uso wa Mai. Kumweka mgeni huyo katika mkao ambao Ulaya iliuhifadhi kwa mashujaa wake kulihitaji mtu aliyejua mkao huo unasema nini, umetoka wapi, na kwa nini mtazamaji atautii.

5.0 Akademia na Hotuba Kumi na Tano

Tarehe 10 Desemba 1768 Mfalme George III alitia sahihi hati ya kuanzisha Akademia ya Kifalme ya Sanaa. Siku chache baadaye Reynolds alichaguliwa kuwa rais, na mwezi Aprili 1769 alipewa cheo cha Sir. Shule ya Akademia ilifunguliwa Januari 1769 katika mtaa wa Pall Mall. Wanafunzi hawakulipa ada. Mwanafunzi alianza kwa kuchora sanamu za plasta zilizonakiliwa kutoka sanamu za Wayunani na Warumi, kisha akapandishwa kumchora mtu aliye hai. Kulikuwa na maprofesa wa uchoraji, usanifu majengo, kanuni za umbali, na anatomia. Huyu wa mwisho alikuwa daktari mashuhuri William Hunter.

Jambo lililoitofautisha shule hiyo ni nyongeza iliyofanywa muda mfupi baadaye. Johnson aliteuliwa kuwa profesa wa fasihi ya kale, na Goldsmith kuwa profesa wa historia ya kale. Shule ya wachoraji ikawa na viti vya taaluma ambazo kwa kawaida zilipatikana katika vyuo vikuu. Ilikuwa ni tangazo mbele ya taifa kwamba mwanafunzi wa uchoraji ni ndugu wa mwanafunzi wa fasihi. Hata hivyo, viti hivyo vilikuwa vya heshima tu. Havikuwa na mshahara wala ratiba ya mihadhara. Goldsmith, aliyekuwa na madeni, alimwandikia nduguye kwa mzaha kuwa heshima ya namna hiyo kwa mtu wa hali yake ilikuwa kama mapambo ya mikono ya shati kwa mtu asiye na shati.

Mzigo wa kuwaelimisha wanafunzi katika mambo ya akili ukabaki kwa rais mwenyewe. Kati ya tarehe 2 Januari 1769 na tarehe 10 Desemba 1790 Reynolds alitoa hotuba 15, nyingi katika sherehe za kutoa nishani. Saba za kwanza zilikusanywa na kuchapishwa katika kitabu kimoja mwaka 1778. Baadhi ya watu walinong'ona kuwa ziliandikwa na Johnson au Burke, kwa kuwa hawakuamini kuwa mchoraji anaweza kuandika hivyo. Rasimu zilizohifadhiwa kwa mwandiko wa Reynolds mwenyewe zimeufuta uvumi huo. Uvumi wenyewe, hata hivyo, ni ushahidi wa dharau aliyokuwa akipambana nayo.

Mpango wa elimu unaojengwa na hotuba hizo una ngazi tatu. Katika ya kwanza mwanafunzi hujifunza kile ambacho Reynolds alikifananisha na sarufi: kuchora, kutumia rangi, kupanga picha. Katika ya pili hukusanya mawazo kutoka kwa mabingwa wote waliotangulia, bila kufungwa na mmoja. Katika ya tatu huachiliwa, akawa hakimu wa mabingwa haohao kwa kutumia maumbile na akili yake. Uhuru ni ngazi ya mwisho. Anayeurukia mapema huangukia mazoea yake mwenyewe. Katika hotuba ya mwaka 1774 aliifananisha akili na shamba, ambalo huchoka likivunwa kila msimu bila kutiwa mbolea kutoka nje.

Hotuba ya saba, ya mwaka 1776, ndiyo inayoligusa suala hili kwa undani zaidi. Humo Reynolds alitaka mchoraji awajue washairi kiasi cha kuokota kwao mawazo, na aifahamu ile sehemu ya falsafa inayochunguza tabia ya binadamu. Papo hapo akaweka mpaka. Mchoraji hana haja ya kusoma kiasi cha kumfanya ageuke mhakiki na kuiacha kazi yake. Usomaji uwe burudani ya saa za mapumziko. Na yale ambayo vitabu vichache haviwezi kuyatoa, yatafutwe katika mazungumzo ya watu wenye elimu. Ni wazi kwamba alikuwa akiwaelekeza vijana katika njia aliyoipita mwenyewe: shule ndogo, vitabu vya kuokoteza, na meza yenye watu wanaowaza.

Hoja hiyo ina hekima, ila ina udhaifu pia. Meza ya Leicester Fields ilikuwa wazi kwa mtu aliyekwisha kufanikiwa. Kijana wa miaka 15, mtoto wa kinyozi au mwuza soksi, hakualikwa kula na Burke. Kwa kuwa viti vya fasihi na historia havikugeuzwa kuwa masomo, kijana huyo alibaki na hotuba moja kwa mwaka, na tangu mwaka 1772 moja kila baada ya miaka miwili kwa kawaida, ikisomwa kwa sauti ndogo ambayo wengi wa waliokaa nyuma walilalamika kuwa hawaisikii.

6.0 Ufundi Uliokosa Mlezi

Shule hiyo ilikuwa na pengo jingine, la upande wa pili kabisa. Kwa miaka mingi haikufundisha namna ya kutumia rangi. Mwanafunzi alifundishwa kuchora kwa chaki na kalamu. Darasa la uchoraji wa rangi lilianzishwa mwaka 1816 tu, miaka 24 baada ya kifo cha Reynolds. Kwa hiyo ngazi ya kwanza ya mpango wake, ile ya sarufi, haikukamilika katika taasisi aliyoiongoza.

Athari ya pengo hilo inaonekana katika kazi za Reynolds mwenyewe. Hakuwahi kupata mafunzo kamili ya utayarishaji wa rangi, na udadisi wake ulimfanya ajaribu kila kitu: mafuta, nta, vanishi na lami, mara nyingine vyote katika picha moja. Alitumia rangi nyekundu zilizotengenezwa kwa wadudu, ambazo huchujuka kwa mwanga. Nyuso alizozichora zikiwa na damu zilipauka na kuwa kama za maiti wakati wenyewe wangali hai, na tabaka za juu zilipasukapasuka kama tope la ziwa lililokauka. Rais aliyewafundisha wengine kutafuta uzuri usiokufa alikuwa akiyachora mengi ya mawazo yake kwa vitu visivyodumu.

James Northcote, aliyeishi nyumbani kwa Reynolds kama mwanafunzi kati ya mwaka 1771 na 1776 na baadaye kuandika maisha yake, alieleza kuwa rangi za mwalimu zilifungiwa kwenye makasha na mchanganyiko wake ulikuwa siri. Northcote alijifunza kwa kutazama, kwa kunakili, na kwa kusikiliza wageni wakubwa wakizungumza. Kwa maneno mengine, katika nyumba ileile iliyokuwa kitovu cha elimu ya kiungwana, mwanagenzi hakupewa elimu ya kifundi aliyoijia.

Kasoro nyingine zilihusu nani anastahili kuelimishwa. Angelica Kauffman na Mary Moser walikuwa miongoni mwa waasisi wa Akademia, lakini hakuna mwanamke aliyeingia katika shule yake kama mwanafunzi mpaka mwaka 1860. Dada mdogo wa Reynolds, Frances, alichora na kuandika insha juu ya ladha. Kaka yake hakumtia moyo. Mtu aliyesema kuwa ladha hupatikana kwa malezi hakuifikisha hoja hiyo hadi chumba cha pili cha nyumba yake.

Wanafunzi nao hawakumpokea kwa namna moja. William Blake, aliyejiunga na shule mwaka 1779, alizijaza kingo za nakala yake ya hotuba kwa maneno ya hasira. Kwake yeye Reynolds alikuwa mtu aliyeuzima moto wa kipaji kwa kanuni. Lakini Blake mwenyewe, ambaye hakusoma shule ya kawaida, aliishi katika Biblia na Milton, na picha zake haziwezi kutenganishwa na usomaji wake. Ugomvi wao haukuwa juu ya kama mchoraji asome. Ulikuwa juu ya nani amchagulie cha kusoma. J. M. W. Turner, mtoto wa kinyozi aliyeingia shuleni mwaka 1789 akiwa na umri wa miaka 14, alichukua njia nyingine. Aliziambatanisha picha zake na beti za washairi, akaja kuwa profesa wa kanuni za umbali mwaka 1807, na kwa ombi lake akazikwa karibu na Reynolds mwaka 1851.

7.0 Miaka ya Mwisho

Tarehe 13 Julai 1789, akiwa kazini, jicho la kushoto la Reynolds lilififia, na muda si mrefu likapofuka. Aliacha kuchora kwa kuogopa kulipoteza la pili. Akiwa hana tena brashi, alibaki na Akademia, na huko nako alikumbana na mgogoro. Kiti cha profesa wa kanuni za umbali kilikuwa wazi. Reynolds alisisitiza kuwa somo hilo haliwezi kuachwa bila mwalimu, akamuunga mkono msanifu majengo Joseph Bonomi, ambaye ilipasa kwanza achaguliwe kuwa mwanachama. Mwezi Februari 1790 wanachama walimchagua mchoraji Henry Fuseli badala yake. Reynolds alijiuzulu urais. Kulikuwa na mambo ya kambi na heshima binafsi katika ugomvi huo, lakini chanzo chake kilikuwa somo la jiometri lisilo na mwalimu, somo lilelile lililomfungulia njia utotoni Plympton. Mwezi Machi alishawishiwa kurudi.

Hotuba yake ya mwisho ilitolewa tarehe 10 Desemba 1790, katika jengo la Somerset House. Ukumbi ulijaa mno hata boriti ya sakafu ikapasuka kwa kishindo, watu wakakimbilia kuta na milango. Reynolds alitulia kitini mpaka hofu ikapita, akaendelea. Alihitimisha kwa kumtaja Michelangelo, na kuonyesha kuwa alitaka jina hilo liwe la mwisho kulitamka mahali hapo. Alifariki tarehe 23 Februari 1792, akazikwa katika kanisa kuu la St Paul's. Burke ndiye aliyeandika taazia yake, akimsifu kama mtu aliyekuwa mwanafalsafa pamoja na kuwa mchoraji.

8.0 Hitimisho

Maisha ya Reynolds yanathibitisha kuwa elimu ya kiungwana ina kazi mahsusi katika malezi ya msanii. Humwezesha kuona asichokuwa amezoea, kama ilivyotokea Vatikani. Humpa mawazo ya kuchora, kama katika picha ya Mai. Na humpa uwezo wa kuitetea kazi yake mbele ya watu wanaomdhania kuwa kibarua.

Pamoja na hayo, yanatoa tahadhari mbili ambazo mtaala wowote wa sanaa hauna budi kuzizingatia. Ya kwanza ni kwamba elimu hiyo ikiachwa kuwa heshima isiyo na mshahara, au mazungumzo ya mezani, itawafikia wale tu ambao milango imekwisha kufunguliwa kwao. Ikiwa ni ya lazima, ifundishwe, iwe na mwalimu na saa zake. Ya pili ni kwamba haiwezi kuchukua nafasi ya ujuzi wa vitu. Nyuso zilizopauka katika picha za Reynolds hazikupauka kwa kukosa fikra. Zilipauka kwa sababu aliyezichora alijua mengi juu ya Raphael na machache mno juu ya rangi iliyokuwa kwenye brashi yake.